Maharage Yaliyokosa Moshi

Nkoaranga,
Jumapili, alasiri

Mwanangu Penda,

Umeondoka sasa hivi kwenda Kaloleni kumuaga shangazi yako, na namjua, hatakuachia kabla jua halijaanza kuzama, kwa sababu hajawahi kumuaga mtu kwa chini ya vikombe vitatu vya chai. Hiyo ndiyo nafasi niliyo nayo. Baba yako yuko bondeni kwenye nyanya zake. Mimi nimekaa jikoni, kwenye kile kigoda cha bibi yako, daftari liko magotini, na nimeshachana kurasa mbili.

Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Utaikuta ukiwa njiani, pengine mmeshapita Ngaramtoni na huwezi tena kushuka ukaja kugombana nami. Sitakuandikia habari za kufunga mlango wala za kushika vizuri pochi ukifika Nairobi. Hayo utaambiwa na kila mtu. Mimi nina jambo moja, nimelibeba tangu Jumatano, na mdomo umekataa kulitoa.

Kibuyu nilichokupa juzi si kile.

Nilikuambia haya ni maharage ya bibi yako, upate kuikumbuka nyumbani kila ukiyaona. Ukalia. Ukanikumbatia hata kitambaa changu cha kichwani kikaanguka, na mimi nikasimama pale macho makavu kama nguzo, kwa sababu nilijua mle ndani nimejaza maharage ya madoa niliyoyanunua sokoni Tengeru siku ya Jumatano. Ya bibi yako yako hapa juu ya kichwa changu, darini, kwenye moshi. Nikiinua macho nakiona kibuyu chenyewe, cheusi tii, na kizibo chake cha gunzi.

Kabla hujarudi ni lazima niwe nimeamua kama nitayabadilisha au la. Mpaka hapa ninapoandika, sijui. Usinicheke. Mtu mzima wa umri wangu, anayealikwa kwenye mikutano kusema habari za mbegu za asili, amekaa jikoni kwake anaogopa kibuyu.

Ngoja nianze mbali kidogo, labda nikifika huku nitakuwa nimejua.

Wewe ulipata akili ukakuta watu wananiita Mama Asili. Wengine wananiita hivyo kwa heshima, wengine wananikejeli, na baba yako huchanganya yote mawili kwa pamoja. Hukuniona nilivyokuwa kabla. Kabla hujaanza shule nilikuwa bibi shamba wa serikali. Nilipewa buti za mpira, koti la mvua, na baiskeli ambayo kwa vilima hivi niliisukuma zaidi kuliko kuipanda. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwafundisha akina mama kulima kisasa. Maharage yanayotambaa kwenye migomba niliyaita fujo. Nilikuja na kamba yenye mafundo, nikawaonyesha mistari, mbegu ya pakiti, mbolea ya mfuko. Wengine walikuwa wakubwa kuliko mama yangu, na walinisikiliza wakiwa wamesimama.

Kuna mama mmoja, Bibi Ruthi wa kule juu karibu na msitu, utamkumbuka, yule mjane aliyekuwa akikupa parachichi. Aliniuliza, "Bibi shamba, na hiyo mbolea isipokuja?"

Nikacheka. Sikucheka kwa ubaya, nilicheka kwa sababu swali lenyewe niliona halina maana. Mbolea ilikuwa inaletwa. Chama cha ushirika kilikuwa kinaikopesha, unalipa ukiuza kahawa. Isije kwa nini?

Halafu mambo yakafunguliwa. Kila kitu kikawa ruksa. Mjini maduka yakajaa sabuni za kila rangi, redio, mitumba mpaka barabarani, na sisi tuliokuwa tumepanga foleni za sukari tukadhani tumeingia mbinguni. Lakini ghala la ushirika likafungwa, mbolea ikapanda bei mpaka ikawa ya kutazamwa tu, na kahawa ikawa inanunuliwa na watu wenye magari madogo ambao mwaka huu unawaona, mwakani huwaoni. Baba yako akavumilia misimu miwili mitatu kisha akachukua shoka akaiangusha mibuni. Sikuwahi kumwona mwanaume akikata kitu huku anakiomba msamaha mpaka siku ile.

Na mimi nikapata bahasha. Serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na jina langu lilikuwa kwenye orodha. Nilirudi nyumbani nikiwa na barua hiyo na zile buti. Baiskeli walisema ni mali ya ofisi.

Wiki ile ya kwanza sikutoka nje. Nilikaa hapa hapa jikoni na bibi yako, mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka yote niliyokuwa bibi shamba hakuwahi kupanda hata mstari mmoja niliouchora. Aliinjika ndizi mbichi na maharage yake, yale ya madoa mekundu, akaponda, akaweka maziwa ya mgando pembeni, akanipa sahani. Nikala. Kisha nikaanza kulia, nikashindwa kuacha. Nilikuwa nimekula chakula kile tangu nilipoolewa, lakini siku ile ndipo nilipokionja. Nikawaza: hiki ndicho nilichowaambia watu wakitupe.

Watu wanaponiuliza nilianzaje, huwa nawaambia habari ya sahani ile. Wanaipenda. Wanatikisa vichwa.

Lakini wewe ni mwanangu, sitakutilia chumvi. Sijui kama nililia kwa sababu ya maharage au kwa sababu ya ile bahasha. Nimejiuliza mara nyingi: kama wasingeniondoa kazini, ningeionja sahani ile? Au ningeimaliza haraka, nikavaa buti, nikaenda kuvuta kamba yangu kwenye shamba la mtu? Yawezekana nilianza kupigania vyakula vya asili kwa hasira tu, kuwakomoa walioniondoa. Yawezekana pia mtu akaanza jambo la kweli kwa sababu mbovu. Sielewi, na nimeacha kutafuta.

Nilichojua ni kwamba nilikuwa na mdomo wa bibi shamba, na mdomo ule ulihitaji kazi. Nikakusanya akina mama kanisani baada ya ibada. Tukaanza kupika magimbi, ulezi, mnavu, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, tukaita watu waje kula. Watu wakaja. Nikaalikwa wilayani, kisha mjini. Mara ya kwanza nilipoitwa semina hotelini Arusha nilizungumza saa nzima juu ya magimbi, wakanipigia makofi, halafu tukaletewa kuku wa kukaanga, chipsi na soda. Nilikula nikamaliza. Niliomba na soda ya pili.

Na ninyi nyumbani nikawapiga marufuku mkate.

Hilo nalo nataka kulisema. Nilikufungia gimbi la kuchemsha kila siku uliyokwenda shule, wakati wenzako wanakula maandazi. Najua ulikuwa unalitupia nguruwe wa mwalimu, mwalimu mwenyewe aliniambia, akicheka mpaka machozi, kwamba nguruwe wake ananenepa kwa juhudi zangu. Nilikupiga kwa hilo. Halafu ile siku mliyokuja mjini na baba yako bila taarifa, ukanikuta Kaloleni nimesimama nyuma ya kibanda, nakula mkate mweupe mkavu, nusu yake iko chini ya kanga. Uliniangalia. Ulikuwa darasa la nne. Mpaka leo hujamwambia mtu. Nilikuwa naula kila nikienda mjini, Penda. Nilikuwa naupenda. Nilikuwa naula haraka haraka nisije nikaonekana, kisha najifuta makombo na kuja nyumbani kuwaambia habari za ulezi.

Ningekuomba msamaha siku ile ile ningekuwa mtu mwingine. Nilikununulia viatu badala yake.

Na ada yako, mwanangu, ile iliyokupeleka chuo cha kilimo mpaka ukapata stashahada, haikutoka kwenye magimbi. Ilitoka kwenye nyanya za baba yako, zile anazozipiga dawa mpaka nyuki wanakimbia. Nilikuwa nikirudi mkutanoni nikiwa nimewaambia watu waache dawa, namkuta anasafisha bomba lake pale nje, ananiuliza, "Mama Asili, umeshinda?" Namjibu nimeshinda. Anasema, "Basi nipe maji ninawe." Na ninampa.

Sasa nifike kwenye ghala. Hii habari unaijua kwa juu juu, ulikuwa shule ya bweni. Nimekuwa nikiisimulia kana kwamba iliwatokea watu wengine.

Ulikuja mradi. Wageni wawili na dereva wao, watu wazuri, walitaka kutusaidia tuhifadhi mbegu za zamani kabla hazijapotea. Kwenye mikutano huwa nasema "mradi ulituletea ghala." Si kweli. Wao walileta pesa ya saruji. Wazo la ghala lilikuwa langu. Niliona uchungu mbegu nzuri namna ile ziko kwenye vibuyu vichafu, kila mama na jiko lake, jiko likiungua zinakwisha. Nikasema tuziweke mahali pamoja, pasafi, chini ya kufuli. Kikajengwa chumba cha matofali ya saruji na bati jipya, na ufunguo wake nikauvaa shingoni.

Akina mama wakaleta. Vibuyu vimejaa masizi, mbegu zimechanganywa na majivu mpaka huwezi kujua ni za rangi gani. Wageni walikuwa wamesimama pale na kamera yao, na mimi nikaona aibu. Nikawaambia akina mama wapepete majivu yote. Wakapepeta. Nikawaambia wafute mbegu kwa vitambaa, moja moja, zing'ae. Wakafuta, siku mbili nzima, wanaimba. Tukazimimina kwenye chupa za kioo, tukabandika karatasi zenye majina, tukazipanga kwenye rafu. Mwanangu, chumba kile kilipendeza kama duka la dawa. Maharage ya madoa, meusi, ya zambarau, mahindi mekundu, ulezi, kunde. Sijawahi kujivunia kitu namna ile, hata wewe ulipozaliwa, Mungu anisamehe.

Bibi Ruthi alileta mbegu zake zote. Nilimwambia abakize kidogo nyumbani, nilisema tu kwa adabu. Akanijibu, "Nikibakiza itakuwa sikukuamini." Kisha akaingia ndani, akatazama kuta, akatazama dari, akaniuliza, "Na moto mtawasha wapi humu?"

Nikacheka tena. Nikamwambia, bibi, hili si jiko.

Miezi iliyofuata nilikuwa kwenye semina, moja baada ya nyingine, nikiwaonyesha watu picha za ghala. Tulifungua chumba masika yakikaribia, akina mama wamekuja na ungo zao, wengine wamevaa kama wanakwenda kanisani. Nilipofungua mlango niliona kwanza unga. Chupa zilikuwa na unga chini, na wadudu wanatembea ndani ya kioo, wananenepa, hawana haraka. Ukilishika harage linapasuka mkononi, ndani hamna kitu. Chupa kwa chupa. Ulezi peke yake ulipona, nao nusu ulikuwa umeshika ukungu kwa sababu niliufunika kabla haujakauka sawasawa.

Moshi, Penda. Moshi na majivu. Mimi niliyekuwa nazunguka nchi nikisema wazee wetu walikuwa na akili, niliwafutia wazee akili yao kwa kitambaa, nikaiweka kwenye kioo ipigwe picha. Niliona kibuyu cheusi miaka yote nikadhani ule weusi ni uchafu.

Bibi Ruthi aliichukua chupa yake, akaitikisa karibu na sikio, akasikiliza. Akasema, "Si kitu, mwanangu. Nitanunua za dukani." Laiti angenitukana. Tangu siku ile mpaka alipofariki alikuwa akishuka sokoni kila msimu na kurudi na pakiti. Nilipokuwa bibi shamba nilishindwa kumfanya anunue pakiti hata moja. Nilipokuwa Mama Asili nikaweza.

Nilirudi nyumbani nikakaa hapa. Bibi yako alikuwa anamenya ndizi. Aliniangalia, akanawa mikono, akapanda ngazi polepole, na miguu yake ile, akashuka na kibuyu. Akafungua kizibo, akamimina kidogo kwenye kiganja changu. Maharage ya madoa mekundu, yana majivu, mazima, mazito.

"Yale niliyokuletea ghalani niliyanunua Tengeru," akasema.

"Mama, ulinidanganya?"

"Nilikudanganya."

"Kwa nini hukuniambia kwamba zitaharibika?"

"Ungesikia?"

Akaendelea kumenya ndizi, halafu akasema, bila hasira yoyote, "Mama Penda, wewe ulikuja na kamba ukatuambia hii ndiyo. Ukarudi na chupa ukatuambia hii ndiyo. Maneno umebadilisha, sauti ni ile ile."

Utadhani nilimshukuru. Sikumshukuru. Nilimkasirikia msimu mzima, tunapika jiko moja na hatuongei zaidi ya "nipe chumvi". Nilikuwa nawaza, mama huyu alijua. Alikaa na wenzake siku mbili akifuta maharage ya sokoni, anaimba nao, akijua ya Bibi Ruthi yanakwenda kufa. Aliokoa ya kwake akanyamaza. Hilo nalo ni busara? Au ni woga? Au aliogopa tu kumwaibisha mkwe wake mbele ya wageni, na ile ikawa ndiyo heshima yake kwangu? Alikufa sijamuuliza. Siku ya mwisho alionyesha dari kwa kidole, nikamwambia nimeelewa, na sikuwa nimeelewa.

Tangu hapo maharage yale ni yangu, na hili ndilo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Nayapanda nyuma ya jiko, viganja viwili tu kila msimu, mahali ambapo anayepita njiani haoni. Yakikomaa nayavuna peke yangu. Kisha natoka hapa nakwenda kusimama mbele ya watu, nawahimiza wagawane mbegu. Akina mama waliopoteza za kwao hawajui kwamba hizi zipo. Niliogopa wataniuliza kwa nini za kwetu zilipona. Na niliogopa kwamba nikizitoa tu zitakufa mikononi mwangu kama zile nyingine. Kwa hiyo nimezifungia, tofauti na mara ile ni kwamba sasa hakuna hata picha.

Ndipo ukaja wewe na barua yako ya kazi. Kampuni ya mbegu, Nairobi.

Ulisimama pale mlangoni, ukasoma kwa sauti, na mimi nikasema lile neno. Unalikumbuka kuliko mimi. Nilisema, "Nenda. Lakini ukifika usiseme umetoka kwenye jiko hili." Na wewe ukanijibu taratibu, kwa ile sauti ya bibi yako, "Mama, nakwenda kufanya kazi uliyokuwa unaifanya wewe kabla hawajakuondoa. Tofauti ni kwamba mimi niliiomba."

Nimeigeuza kauli hiyo wiki tatu. Kuna saa naona ulinionea. Kuna saa naona ulisema kweli tupu. Ninaogopa kampuni yako, sitaki kukuficha. Naogopa utawaonyesha maharage haya, watayapima, watayapa namba, na baada ya miaka michache nitayakuta Tengeru kwenye pakiti yenye picha ya mama anayecheka. Ndiyo maana nikakujazia ya sokoni. Nilijiambia namlinda bibi yako. Halafu uliponikumbatia ukalia nikagundua nimefanya kile kile alichonifanyia yeye, kwa mkono ule ule, mpaka soko ni lile lile. Yeye alinidanganya kwa sababu nilikuwa sisikii. Wewe unasikia, na mimi nimekudanganya kwa lipi?

Na hapo hapo nawaza upande wa pili. Nani amewahi kuua mbegu nyingi katika mlima huu, kampuni au mimi? Najua jibu, na sijui jibu hilo linanitaka nifanye nini. Labda wewe uliyesoma utayaona mambo ambayo mimi sikuyaona. Labda utafanya kosa kubwa kuliko langu, kwa buti nzuri zaidi. Siwezi kukukinga na hilo kwa kibuyu cha uongo.

Ngoja. Baba yako anakohoa kule njiani, jua limeshuka. Nitarudi sasa hivi.

Nimerudi. Mikono ina masizi, utayaona kwenye karatasi. Nimepanda ngazi, nimeshusha kibuyu, nimefungua begi lako na kutoa kile kingine kilichokuwa chini ya sweta. Maharage ya bibi yako nimeyamimina kwenye ungo nikayagawa. Mengi nimekupa wewe. Viganja viwili nimevirudisha juu. Viganja viwili nimefunga kwenye kitambaa kwa ajili ya binti yake Bibi Ruthi; kesho nikishakusindikiza nitapanda kule juu kumpelekea, na akiniuliza yalikuwa wapi miaka yote hii nitamwambia. Hilo naliogopa kuliko safari yako.

Ya sokoni nimeyainjika. Ukisoma haya utakuwa umeyala jana usiku na ndizi, na kama ulisema ni matamu nikanyamaza, sasa unajua kwa nini.

Kitu kimoja tu kimebaki. Umesema chumba chako kiko ghorofani na utapikia jiko la mafuta ya taa. Huko hakuna moshi wa kuni. Nimekaa hapa nikitaka kukuandikia namna ya kuyatunza bila moshi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayojulikana nayo, na nimegundua sijui. Nilijaribu mara moja. Kwa hiyo usiyatunze. Usiyaweke kabatini kwa ukumbusho wangu, usiyatie kwenye chupa uyatazame. Yapande. Yapande mvua ya kwanza ikidondoka, na kama hakuna ardhi yoyote unayoweza kuigusa ila ile ya kampuni, yapande hapo hapo. Yape mti wa kushika, maana haya hayakai chini.

Na wakikuuliza yametoka wapi, waambie yametoka kwenye jiko hili, na wewe umetoka humo humo.

Mama yako.